Mtoto Asiyetaka Kulala

Saa tatu usiku. Vyombo havijaoshwa, sare za shule hazijapigwa pasi, na mtoto wa miaka mitatu anadai maji, mara mkojo, mara hadithi nyingine. Mama mwenzangu, unayajua hayo.

Kitindamimba wangu alinitesa hivyo kwa miezi kadhaa. Usiku mmoja nilimchapa. Akalia hadi akatapika. Nilijuta sana. Ndipo nikaichunguza siku yake nzima, kama ninavyomchunguza mgonjwa wodini. Kumbe dada alimlaza mchana hadi saa kumi na moja jioni! Tena usiku alikunywa chai ya rangi, nami muuguzi nimesahau kwamba majani ya chai yana kafeini.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Akizimaliza mchana, usiku alale nini?

Basi aliamshwa saa tisa alasiri, akapewa uji badala ya chai. Televisheni ilizimwa mapema, kisha kuoga, sala fupi, chandarua. Siku nne za kwanza alilia. Nilirudi kila mara, nikampapasa mgongo, bila taa wala mazungumzo. (Baba yake, aliyependa kumrusha juu saa mbili usiku, ndiye aliyechelewa kufundishika.)

Lakini mtoto akijikuna makalio usiku, usimgombeze: huenda ana minyoo midogo, ambayo hutoka kutaga mayai wakati huo. Huyo, na yule anayekoroma na kukatika pumzi, mpeleke kituo cha afya.