UZI: Wakenya wamekuwa wachoyo, ama hawajui mwezi ujao utaleta nini?

1/ Mjadala wa ushuru ukiwaka humu, lazima mtu aseme: "Watu wa siku hizi ni wachoyo, hawachangiani." Mimi nasomea sayansi ya siasa na naishi Umoja. Hoja hiyo inaruka kitu kimoja: mtu akitoa, anaangalia pia pesa ya kesho. Twende polepole.

2/ Chukua majirani wawili wa ploti moja. Mwezi huu kila mmoja ameshika 30,000. Wa kwanza ana mshahara wa kudumu. Wa pili anauza mitumba soko la Mutindwa. Mwezi ujao anaweza kupata 45,000 ama 15,000. Wastani ni uleule, lakini mchango wa bili ya hospitali ukiitishwa, huyu wa pili anashikilia zake. Wanauchumi huita hiyo akiba ya tahadhari. Si roho mbaya, ni kodi ya nyumba inayomngoja.

3/ Hata mwenye payslip hana uhakika sana. Makato ya nyumba ya 1.5% yalianza 2023, mahakama ikayasimamisha Januari 2024, yakarudi Machi kwa sheria mpya. Hapo unapangaje?

4/ Sasa mbona huyo wa mitumba hakosi kuchangia matanga ya jirani? Kwa sababu hiyo ni bima: leo kwako, kesho kwangu. Kwa hivyo wasiwasi wa kipato hauui utoaji wote, unauhamisha. Unatoka kwa watu tusiowajua, unabaki kwa wanaoweza kuturudishia. Anayeumia ni yule mgeni wa mtaa asiye na chama wala kikundi.

5/ "Nikipata nitatuma" pia si uongo kila mara. Kellner, Reinstein na Riener walichapisha utafiti 2019: watu walioulizwa kabla ya kujua kama watashinda pesa waliahidi kutoa zaidi kuliko walioulizwa baada ya kushinda. Pesa ambayo haijaingia ni rahisi kuigawa. Ukiwa mweka hazina wa kamati, andika hizo ahadi mapema.

6/ Kiasi nacho kina maana. Kampeni ya Kenyans for Kenya, wakati wa njaa ya 2011, ilipokea hata shilingi 10 kwa M-Pesa. Lengo lilikuwa milioni 500, na likapitwa. Shilingi 10 haitishii kodi ya mtu.

7/ Siasa inaingia wapi? Mwezi mbaya ukija, huja kwa ploti nzima. Biashara ikilala Mutindwa, anayeomba na anayeombwa wote wamekauka siku moja. Anayebaki na uwezo ni mwenye mshahara wa uhakika na bahasha, na huyo hutoa mbele ya kamera. Hapo mchango unageuka deni, na deni linalipwa kwa kura.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "wananchi wasaidiane wenyewe", usibishane naye kuhusu roho za watu. Muulize: mapato ya hao wananchi yana uhakika gani? Na wote wakikauka pamoja, bili ya hospitali analipa nani?

Kwenu kikundi cha mtaa kinafanyaje mwezi mbaya ukifika? Niambieni hapo chini.