Gari Lililopata Moto Likakosa Moto

Wasomaji wa rika langu hapa pwani wanaijua Peugeot 404, hata wale wasiopata kuimiliki. Ndilo gari lililotupeleka Malindi tumebanana kama dagaa, na ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili wa kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, nao wamo ndani ya 404. Siyataji haya kwa kulisifu tu. Gari la sifa hizo lilikuwa karibu kuuzwa kwetu kwa bei ya chuma chakavu.

Lilikuwa la marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kwa miaka tisa lilikaa chini ya mwembe uani kwake Kisauni. Madeni yake yalikwisha kulipwa, ikabaki kugawanya. Warithi ni mkewe na watoto, wa kiume na wa kike. Sasa, mirathi haigawanywi kwa kukisia. Kila kitu hutajwa thamani yake kwanza. Mkaza mjomba ana thumuni yake, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, lakini thumuni ya chuma kinachopimwa kwa kilo si thumuni ya gari linalokwenda. Na gereji moja ilikwisha toa hukumu kwamba injini imekufa.

"Mwanangu," akaniambia, "mjomba wako alikufunza kushika spana kabla hujashika kalamu. Niangalizie kabla hawajalipakia."

Nilianza na hendeli. Gari hili lina tundu la hendeli mbele, jambo ambalo vijana wa leo hulicheka. Ufunguo ukiwa umezimwa, nikaizungusha injini polepole kwa mkono. Mara nne mkono ulikutana na ukaidi wa pumzi iliyobanwa, na mara zote nne ukaidi ni mmoja. Injini iliyokufa haibishani hivyo. Basi tukalimwaga tangi lililojaa kutu, tukaosha kabureta, tukatia betri na plagi mpya. Likawaka, likakohoa moshi mweusi, likatulia.

Baada ya dakika ishirini likazima, kama taa iliyopulizwa, na halikutaka kuwaka tena mpaka limepumzika kiasi cha nusu saa. Nadhani hapo ndipo gereji ilipopotea. Walilijaribu likiwa limepata moto, wakaona kimya, wakaandika cheti cha kifo.

Jirani yuko mzee mmoja, fundi wa zamani. Macho yamepungua lakini masikio ni yale yale. Binamu yangu mdogo alitaka tukanunue koili, pampu na kabureta nyingine, tubadilishe vyote kwa pamoja. Mzee akakataa katakata. "Ukibadilisha vitatu na gari likapona," alisema, "utajuaje ni kipi kilichokuwa kigonjwa? Na hivyo viwili vizima, nani atakulipa?" Nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, ambaye hakumwachia mtoto kuivuka herufi hata moja, aliyekwama kwenye jim alilala na jim.

Basi tukaanza kuuliza, swali moja kwa siku, na majibu nikiyatia katika daftari.

Siku ya kwanza tuliuliza juu ya mafuta. Katika joto letu hili petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya pampu na bomba, injini ikakosa cha kunywa. Gari lilipozima tukaizungushia pampu kitambaa cha maji baridi. Halikujali. Tukachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, tukazungusha injini, na petroli ikaruka ndani ya kopo vizuri kabisa. Mafuta hayana kosa.

Siku ya pili tukauliza juu ya plagi, mbali na lile kopo, maana cheche na petroli hazichezewi pamoja. Gari likiwa baridi cheche ilikuwa ya buluu, nene, inalia. Lilipozima kwa joto ikawa njano, nyembamba, haina nguvu hata ya kuwasha kibiriti. Lugha ya mafundi wetu ina fumbo lake hapa, kwani neno moto kwao ni joto, na ni umeme wa plagi pia. Gari la mjomba likipata moto linakosa moto.

Tukaipoza koili kwa kitambaa kile kile. Cheche ikabaki njano. Ndipo mzee akafungua kifuniko cha distributa, akapitisha kidole juu ya pointi, akasema, "Zimeungua."

Pointi hufunguka na kufungika kila cheche inapotakiwa, na uwazi wake ni kiasi cha milimita 0.4 tu. Zinapofunguka umeme hutaka kuuruka uwazi ule, na kazi ya kondensa, kile kikopo kidogo kama kidole gumba, ni kuupokea umeme huo ili koili ikatike ghafla na kutoa cheche kali. Kondensa ikichakaa ndani, ikiwa baridi hujikaza. Ikipata joto huachia. Pointi huungua na cheche hufifia. Ikipoa hujifanya nzima tena, ukamwona fundi mwongo.

Tukazisugua pointi, tukazipima, tukafunga kondensa nyingine kwa waya nje ya distributa, ili isipate joto la injini. Kitu kimoja tu. Tuliliwasha baada ya sala ya Alasiri, na lilipoadhiniwa Magharibi lilikuwa bado linanguruma chini ya mwembe. Tulilizima wenyewe, twende msikitini.

Mnunuzi wa vyuma alirudi siku ya pili na lori lake, akalisikia, akapandisha bei bila ya kuulizwa. Hakuuziwa. Breki bado hazishiki, na sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu hata unaiona ardhi. Watoto wa kiume wanataka watie fedha zao watengeneze kwanza. Mkaza mjomba amekataa: gari likadiriwe kama lilivyo leo, mbele ya mashahidi wawili, thumuni yake iandikwe, kisha ndipo mtu aguse breki.