POVU SI KIPIMO

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuandiki haya kuwahimiza watu kunywa, wala hatuzungumzii gongo. Tunazungumzia pombe ya asali, ile ambayo ndugu zetu wa Tabora na Singida huiita wanzuki, ambayo Wakikuyu huichachusha kwa tunda la muratina, na ambayo Wahabeshi huiita tej. Kwa akina mama wengi mtungi mmoja wa pombe hiyo ni karo ya mtoto, na asali si kitu cha bei rahisi. Ndiyo maana twasikitika kuona kazi yenye gharama kama hii ikiendeshwa kwa kubahatisha.

Muulize mpika pombe amejuaje kwamba pombe yake imeiva. Mmoja atakwambia povu limetulia. Mwingine hutega sikio mtungini, na wa tatu huonja. Hatuwadharau, ulimi uliozoea hutambua mengi. Lakini povu ni shahidi wa uongo. Usiku wa baridi chachu hulala, povu likakoma, na sukari ingali tele. Jua likipanda, gesi iliyojificha ndani ya pombe hutoka hata kama kazi imekwisha zamani. Tena asali, mbali na sukari, ina chakula kidogo mno cha kulisha chachu, kwa hiyo mara nyingi kazi hukwama katikati ya njia. Pombe ya namna hiyo ikifungwa katika chupa, chachu huamka humo humo. Chupa hupasuka, na vipande vya kioo havichagui jicho la mtoto wala la mkubwa.

Kipimo cha haki kipo, nacho ni haidromita: kijiti cha kioo chenye uzito chini na tarakimu shingoni, kinachoelea ndani ya pombe. Maji yenye sukari ni mazito, hukiinua. Sukari inapogeuka kileo, ambacho ni chepesi kuliko maji, kijiti huzama. Katika maji matupu husoma 1.000. Kilo 1 ya asali ikiongezwa maji hata kufika lita 4 husoma karibu 1.070. Tarakimu hiyo ya siku ya kwanza hapana budi iandikwe, maana asiyejua alikoanzia hawezi kujua amefika wapi. Pombe ikishuka hadi 1.000, toa ndogo katika kubwa, kisha zidisha kwa 131: utapata kileo cha karibu asilimia 9, yaani karibu mara mbili ya bia ya kawaida. Mnywaji naye ana haki ya kuambiwa hivyo.

Pombe huhesabiwa kuwa imekwisha pale tu tarakimu inapobaki ile ile mara tatu, kwa siku kadhaa mbalimbali. Na hata hapo, ikiwa imesimama 1.030, haijaiva, imekwama. Kuifunga ni hatari, kwani ikishuka hatua 10 tu ndani ya chupa, gesi yake huzidi ile ya soda. Kabla ya kusoma, kizungushe kijiti ili mapovu yaliyokishika yaachie, la sivyo yatakiinua na kukudanganya. Pombe yenye joto nayo husoma chini kuliko ilivyo.

Wengine watasema haidromita haipatikani kijijini. Basi mizani ya dukani ipo. Chachu inapokula sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hutoka ikiwa gesi. Pima dumu na pombe yake siku ya kwanza, bila kulifunga kabisa, kisha lipime kila baada ya siku tatu pasipo kumimina wala kuonja. Kwa kila kilo ya asali, dumu litapungua kati ya gramu 300 na 400. Likipungua gramu 100 tu kisha likasimama, ujue kazi imekwama, na chupa zingoje.