Jina la Mhunzi Limepotelea Wapi?

Ukitajiwa Urusi huenda ukafikiria theluji na roketi. Lakini kando ya mto Neva, mjini St. Petersburg, kuna makumbusho yaitwayo Kunstkamera, yaliyoanzishwa na mfalme Peter Mkuu mwaka 1714, na ndani yake mna vitu vingi vya Waafrika.

Mmoja wa waliovipeleka huko ni Wilhelm Junker, aliyezaliwa Moscow mwaka 1840. Alizunguka nchi za Wazande na Wamangbetu, ambazo leo zimo Sudan Kusini na Kongo, kwanza mwaka 1875 hadi 1878, kisha akarudi tena mwaka 1879. Vita vya Mahdi vikamfungia njia ya kaskazini, naye akalazimika kupitia Bunyoro na Buganda hadi akatokea Zanzibar mwaka 1886. Sisi wa Mlima Elgon alitupita kwa mbali, upande wa machweo. Mwaka 1913 makumbusho hayo hayo yalimtuma mshairi Nikolai Gumilev Ethiopia, naye akarudi na shehena yake.

Sisemi Junker aliiba. Wakuu wa Wazande, kama Ndoruma, walimkaribisha akakaa kwao. Hayo si sawa na ya Benin, ambako Waingereza walipora jumba la mfalme mwaka 1897, na baadhi ya shaba za huko zikaishia Kunstkamera pia. Kinachoniuma mimi ni jina. Katika makumbusho mengi ya Ulaya, kitu cha karne ile kimeandikwa jina la Mzungu aliyekileta, kabila na mwaka. Mhunzi aliyeungua vidole akikifua hatajwi popote, kana kwamba chuma kilijifua chenyewe!

Tusidhani jambo hilo liko mbali. Hapa Lwakhakha mto umegawa Kenya na Uganda, lakini haukugawa mila. Wabukusu wa huku na Wagisu wa kule huwatahiri vijana wao katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Agosti ikifika, kijana wa Kibukusu huzunguka kwa wajomba akicheza na chinyimba, yaani kengele za chuma anazozigonga kwenye bangili za mikononi. Ukiwa sokoni husikia mlio wake kabla hujamwona mchezaji.

Mzee mmoja jirani yangu anazo jozi zilizofuliwa na baba wa baba yake. Jina la mhunzi huyo analo kichwani, na anakumbuka pia ni vijana gani waliowahi kuziazima, ukoo kwa ukoo. Sasa amejitokeza mnunuzi wa vitu vya kale, na bei aliyotaja inatosha karo ya muhula mmoja. Mjukuu wa mzee amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hiyo hiyo.

Nilimwambia, “Kuka, usiziuze.” Akaniuliza kama kengele ikilia itamsomesha mtoto. Sikuwa na jibu, na sidhani msomaji unalo.

Hapo Kitale kuna makumbusho. Yalianzishwa mwaka 1926 na Kanali Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo na vitabu, naye akayaachia taifa alipofariki mwaka 1966. Yakafunguliwa kuwa ya taifa mwaka 1974. Ni mahali pazuri pa kutunza chinyimba, lakini hapalipi karo.

Basi angalau tuandike. Kati ya mwaka 2018 na 2021 wataalamu wa Kenya na Ujerumani waliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho 30 ya nchi za nje. Kazi kubwa hiyo! Na kitu kikishavuka bahari, ni nani atakayekuambia kilifuliwa na nani? Huku kwetu kazi hiyo inataka daftari moja na alasiri moja chini ya mwembe: kitu ni kipi, nani alikitengeneza, alifundishwa na nani, kilitumiwa na kina nani. Walimu wa shule za mpakani wangeweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo, wakaanza na babu zao wenyewe.

Mnunuzi ameahidi kurudi mwisho wa mwezi, na mzee hajasema neno. Daftari nimempa yule mjukuu, maana kwa sasa ana nafasi. Ukurasa wa kwanza una jina la mhunzi, limeandikwa kwa kalamu ya risasi.