Kuchagua Masomo ya Mtihani wa Kidato cha Sita

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mwenyekiti wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu ana kalamu na daftari, na redio inasikika mpaka nyuma.

Somo la leo ni la mtu anayetaka kufanya mtihani wa Kidato cha Sita bila kwenda shule. Mtu huyo huitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Hujisomea nyumbani, kisha hufanya mtihani katika kituo kilichokubaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Ngazi hupandwa moja moja. Aliyemaliza shule ya msingi lakini hakupata sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, uitwao QT. Akifaulu, hufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Ili aandikishwe kwa Kidato cha Sita, anatakiwa awe amepata alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu ya Kidato cha Nne. Wewe uliyejua kusoma mwaka huu, usiogope urefu wa ngazi.

Sasa, mtu achague masomo gani? Wengi huchagua somo ambalo jirani ana vitabu vyake. Lakini msafiri anayefika Kibirizi haingii boti yoyote iliyo tayari. Huuliza kwanza inakwenda wapi. Nawe uliza hivi: baada ya cheti, nataka kufanya kazi gani?

Tuseme mama mmoja anauza dagaa, naye anataka kuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia. Atachagua masomo hayo mawili, na kuongeza Jiografia. Masomo matatu yaliyofungwa pamoja hivi huitwa tahasusi, na hii ni tahasusi ya HGK. Amechagua vema.

Tuseme tena kijana wa Ujiji anataka shahada ya uuguzi. Anaona HGK ni nyepesi kusoma peke yake, anaichukua. Hata akipata A tatu, hatapokelewa, kwa sababu uuguzi unataka Kemia na Biolojia. Amefaulu mtihani, lakini ada yake na miaka yake haikumfikisha alikotaka.

Andikeni sasa hesabu hii. Alama A hadi E ni kufaulu kamili. S ni kufaulu kwa nusu tu, na F ni kushindwa. Vyuo vikuu huhesabu A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa waliomaliza Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni kufaulu kamili masomo mawili yanayohusika na shahada hiyo, yenye jumla ya pointi 4. Kwa hiyo D na D zatosha. C na E zatosha. Lakini E tatu hazitoshi, maana mawili kati yake ni pointi 2 tu. Shahada nyingine hudai zaidi ya hapo. Basi ni heri kuyashika vizuri masomo machache kuliko kurundika mengi. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Ukishajua kazi unayoitaka, jiulize mambo matatu.

La kwanza ni maabara. Fizikia, Kemia na Biolojia zina mtihani wa vitendo. Huwezi kujifunza kupima kemikali kwa kusoma kitabu tu. Tafuta kwanza shule itakayokubali utumie maabara yake, ndipo ujiandikishe.

La pili ni lugha. Somo la Kiswahili hutahiniwa kwa Kiswahili. Historia, Jiografia, Uchumi na sayansi hutahiniwa kwa Kiingereza. Mtu wa Ujiji aweza kujua sana habari za misafara ya pembe na watumwa, na za Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871. Hata hivyo, katika mtihani wa Historia atazieleza kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni dhaifu, kitengee saa zake kila juma.

La tatu ni nafasi. Mtihani kwa kawaida hufanywa mwezi wa Mei, na kujiandikisha huwa miezi mingi kabla yake. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Siku za mbalamwezi hupumzika. Basi na apange masomo yake kwa kufuata mwezi: masomo mazito siku za mbalamwezi, na marudio mafupi siku za giza.

Jihadharini pia na vitini vya zamani. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika mwaka 2024. Pata kwanza muhtasari wa sasa wa kila somo, kisha ulinganishe kabla ya kutoa fedha. Ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima itakuelekeza. Kituoni uliza ada, tarehe, na kama liko somo la lazima juu ya yale matatu.

Na msidhani ni lazima kuhama Kigoma ili kuendelea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha watu walioko makwao, na kina kituo hapa Kigoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mtu amepata C moja na S mbili. Je, anatimiza kiwango cha chini? Eleza kwa hesabu.
2. Kwa nini kijana wa Ujiji hakupokelewa, ingawa alifaulu?
3. Taja kazi unayoitaka. Inahitaji masomo gani mawili?

KAZI YA NYUMBANI

Andika saa zako zote za juma moja. Weka alama penye saa unazoweza kusoma bila kuharibu kazi yako.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.