Ukakasi, Uchachu na Kuoanisha: Kiswahili cha Kuonja Mvinyo Mwekundu

Wanafunzi wetu wa tafsiri na ukalimani huuliza mara kwa mara kama inawezekana kueleza ladha ya mvinyo kwa Kiswahili bila kuazima neno kwa kila kionjo. Swali hili si la anasa. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za SADC, na Agosti 2021 wakuu wa jumuiya hiyo walikutana Lilongwe. Penye mikutano pana karamu, na penye karamu mkalimani hukaa karibu na sahani. Mhudumu akieleza chupa iliyo mezani, mkalimani hawezi kujibu kwamba neno hilo halikufundishwa darasani.

Makala haya yanachukua mfano mmoja tu: mvinyo mwekundu wa zabibu za Sangiovese. Aina hii ni ya Italia, hususan mkoa wa Toscana, ambako mvinyo uitwao Chianti Classico sharti uwe na Sangiovese isiyopungua asilimia 80. Hulimwa pia Afrika Kusini, ingawa kwa uchache.

Tuanze na jina la kinywaji chenyewe. Mvinyo ni neno la Kireno, na Wachewa nao wana vinyo kutoka chimbuko hilohilo. Divai ni Kifaransa, nalo limeenea zaidi kanisani. Mwalimu atakayekwenda Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ataona mara moja faida ya kuyafundisha yote mawili. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na Kiswahili chake kimeletwa hasa na Wakongo, kikasemwa pia na Warundi na Wanyarwanda. (Jina Dzaleka limetokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, kuacha. Mrundi anayesema kureka hahitaji kufasiriwa.)

Kuonja huanza kwa macho, kisha pua. Mimina kidogo, theluthi ya glasi inatosha, uzungushe taratibu ili hewa iingie, kisha unuse. Hapa sarufi yetu inafanya kazi nzuri. Kinachonuka kinachukiza, kinachonukia kinapendeza, na tofauti yote imebebwa na kiambishi cha kauli ya kutendea. Kichewa kinafanya vivyo hivyo: kununkha ni kutoa harufu mbaya, kununkhira ni kutoa harufu nzuri. Darasa lenye Wamalawi na Wakongo litalifahamu jambo hili kwa dakika mbili.

Vitabu vya mvinyo vinasema Sangiovese hunukia cheri. Tafsiri hiyo haimsaidii mtu ambaye hajawahi kuona cheri. Mimi ningesema zambarau ambayo haijaiva sawasawa, pamoja na harufu ya nyanya na majani makavu. Si sawa kabisa, lakini msikilizaji anapata pa kushika.

Mdomoni ndipo penye mkanganyiko. Wengi huridhika na neno "mkali", lakini ukali ni wa ndimu, wa pilipili na wa gongo, na mambo haya matatu hayafanani. Asidi inayofanya mate yajae kando ya ulimi tuiite uchachu, nao katika Sangiovese ni mwingi. Joto la kileo kooni ndilo liitwe ukali. Uchungu tuuache kwa mwarobaini na kahawa iliyoungua. Uzito ni kama wa uji, mzito au mwepesi.

Linabaki neno lililo bora kuliko yote, ukakasi. Vijana wa leo wanalijua kutoka magazetini tu, ambako kila kauli ya mwanasiasa "ina ukakasi". Maana yake ya asili imo mdomoni: ile hali ya ulimi kukwaruzika na kukauka unapouma ndizi mbichi au bibo la mkorosho. Hiyo ndiyo kazi ya tanini, ambazo katika mvinyo mwekundu hutoka hasa kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake. Kwa hiyo ukakasi si ladha hasa, ni mguso. Kiswahili kililitambua hilo zamani na kikalipa neno lake.

Tahadhari moja: mvinyo uitwao mkavu ni ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka kileo. Ukavu huo hauhusiani na ukakasi. Mvinyo mkavu unaweza kuwa laini kabisa, na mtamu ukakwaruza.

Mwanafunzi asiyekunywa kileo, kwa dini au kwa hiari, hapungukiwi na kitu, na Dzaleka hakuna haja ya kununua chupa. Chukua majani ya chai ya Thyolo au Mulanje, uyachemshe mpaka yawe mazito, uonje bila sukari wala maziwa. Huo ni ukakasi. Sasa ongeza maziwa, uonje tena. Ukakasi umepungua, kwa kuwa protini za maziwa zimezishika tanini kabla hazijafikia mate. Ukilielewa jaribio hili, umeshaelewa kwa nini mvinyo wenye ukakasi huliwa na nyama.

Sasa tuoanishe. Kitenzi hiki kimezoeleka katika mitihani ya "oanisha kundi A na kundi B", lakini mzizi wake ni ndoa, na ndoa ndiyo tunayoitafuta. Lilongwe, chaguo langu la kwanza kwa Sangiovese ni kanyenya ya mbuzi: protini, mafuta na chumvi vyote hulainisha ukakasi. Nsima na nyama ya ng'ombe yenye mchuzi wa nyanya huifuatia kwa karibu, maana uchachu wa nyanya ungeufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umechuja. Sombe ya Wakongo, ikiungwa kwa mawese na karanga, inastahili kujaribiwa. Mafuta yake yanatosha.

Chambo ni mtihani mgumu. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huacha shombo mdomoni, na usipa waliokaushwa ni hatari zaidi. Anayeshikilia samaki na mvinyo mwekundu atafute Barbera, aina nyingine ya Italia yenye uchachu mwingi na ukakasi mdogo, na chambo apikwe kwa nyanya.

Joto nalo linahusika. Mvinyo mwekundu hufaa kwenye nyuzi 16 hadi 18, na Lilongwe ya Oktoba haina nyuzi hizo. Nusu saa ndani ya jokofu inatosha. Pilipili ya Nali iwekwe kando, maana huzidisha ukali wa kileo na ukakasi kwa pamoja. Asiyeweza kula bila pilipili aletewe juisi ya malambe, yaani ubuyu, atafaidi zaidi.