Bati Jipya kwenye Nyumba Inayouzwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa embe na kwa kanga. Kwa nyumba, imewaponza wengi.

Mtu amezaliwa Lituhi, amefanya kazi Songea au Dar es Salaam miaka mingi, na sasa nyumba ya wazazi kule kando ya Ziwa Nyasa haina wa kuishi ndani yake. Ukoo umekubaliana iuzwe. Jambo la kwanza linalotajwa kwenye kikao ni paa. Mabati yameota kutu, hakuna atakayeinunua, basi tuchange tuezeke upya kwanza. Mchango unapitishwa, na macho yote yanamgeukia yule mwenye mshahara wa mjini.

Msikilizaji, kabla hujaingiza mkono mfukoni, hebu tufanye hesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 8, pamoja na sehemu za paa zinazotokeza nje ya kuta, na ukizingatia mwinamo, ina paa la mita za mraba zinazokaribia 110. Bati la mita 3, ukiondoa sehemu zinazolaliana, hufunika kama mita za mraba 2. Hayo ni mabati 55, mbali na kofia, misumari, mbao za kubadilisha, ujira wa fundi, na gari la kuyashusha kutoka Songea au Mbinga hadi ziwani. Tena bati lenyewe lina geji, na kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Anayeezeka nyumba ya kuuza hushawishika kununua lile jembamba. Mnunuzi anayejua mambo hulibonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu, wala haongezi bei.

Sasa, mnunuzi huyo ni nani? Hapa ndipo Lituhi inapotofautiana na mjini, ingawa hata mjini mambo si kama yanavyodhaniwa. Kariakoo wapo walionunua nyumba za zamani na kuzibomoa ili wajenge ghorofa; aliyeziezeka mwaka uliotangulia alimwezekea mvunjaji. Lituhi, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, wanunuzi si wengi. Ikiwa kiwanja kimo katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamishaji upate kibali cha Halmashauri ya Kijiji, na mtu wa kutoka nje awe anakusudia kuishi au kufanya kazi kijijini hapo. Kwa hiyo anayebaki ni mwenyeji anayepanua makazi, mvuvi aliyepata, au mfanyabiashara anayevutwa na daraja la mto Ruhuhu, linalounganisha Lituhi na upande wa Manda wilayani Ludewa, mahali ambapo zamani watu walivuka kwa pantoni. Mfanyabiashara huyo anataka duka. Ataondoa kuta mbili na kulibadili paa lote. Mwenyeji naye atakuomba umpunguzie. Akikupunguzia thamani ya mabati 30, bado umeokoa 25 ambayo ungeyanunua.

Aidha, kutu si ugonjwa mmoja. Kuna kutu ya juu juu, pale ambapo zinki imeisha na bati limegeuka rangi ya kahawia lakini bado ni zima. Kuna kutu iliyotoboa. Watu wa pwani, ambao mabati yao huliwa na chumvi ya bahari, huziona zote mbili kuwa ni kifo. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi hiyo. Nyumba iliyoezekwa bei ya kahawa ilipopanda mwaka 1994, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil, ina mabati ya miaka thelathini na zaidi, na yanaweza kuwa bado yanahimili mvua. Maadui wa bati huko ni moshi wa jikoni, majani ya mwembe yanayooza juu ya paa, na misumari iliyopigwa bila mpira, halafu upepo wa kusini ukaitikisa hadi matundu yakapanuka.

Ukaguzi wake haugharimu kitu. Saa sita mchana funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Ukiona nyota tano au sita, hiyo ni kazi ya lami, kitambaa na misumari mipya ya siku moja. Ukiona anga la nyota, hilo ni jambo jingine.

Lipo pia jambo moja linalovunja hoja yetu yote, nalo ni ukuta. Nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali yaliyounganishwa kwa udongo, na nyingine kwa matofali mabichi. Maji yakiteremkia ndani ya ukuta kwa masika mawili au matatu, hutauza nyumba tena, utauza kiwanja chenye kifusi. Vivyo hivyo ikiwa mchwa wamekula papi na kenchi hata msumari haushiki. Hapo ezeka upande ulioharibika, na ufanye hivyo kabla ya Novemba, mnunuzi awepo asiwepo.

Kupaka rangi juu ya matundu ili yasionekane ni kujitafutia kesi. Chini ya Sheria ya Mikataba, aliyeingizwa kwenye mkataba kwa udanganyifu anaweza kuutangua. Mwonyeshe mnunuzi panapovuja, mwandike kwenye makubaliano, mpatane bei.

Tena wakati wa kuchanga fedha za bati, wengi husahau kuuliza nani hasa ana haki ya kuuza. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mwenye sauti kubwa. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Tumeshuhudia ndugu wakigombana si juu ya nyumba bali juu ya mabati: mmoja alinunua, hakuweka risiti, na siku ya kugawana akadai chake kwanza.

Na kama kikao kitashikilia kuezeka, basi mkubaliane mapema mabati makuukuu ni ya nani. Fundi atayaomba kwa upole siku ya kwanza. Msimpe. Hata yenye kutu bado yanafaa kuezekea jiko, choo au banda la nguruwe, na hapo hapo kijijini yana wanunuzi.